Motokari za umeme zinaanza kuacha kobalti: sisi tushike nini?



Mu njia wengi wananiuliza habari zangu, sababu ni miezi sasa sikuandika hapa. Nizitoe kwa ufupi. Niko muzima, nguvu iko. Mu uchaguzi wa sendika, wenzangu wa kazi walinirudisha tena kuwa delege. Nawashukuru, lakini munajua vile ninavyojua: ule ni muzigo, haiko cheo. Binti yangu wa kwanza alipata diploma ya Leta, sasa anataka kusoma elektromekaniki. Shemeki yangu, mudogo wa bibi yangu, analala kwetu na watoto wake wawili tangu kontra yake ilikatika mwaka jana. Habari yake nitaisema chini. Na ya mwisho: nilinunua motokari.

Najua mutacheka. "Delege na yeye amekuwa patro!" Hapana. Ni Toyota ya zamani, volani ku kuume, ilitoka Japani, ikashuka mu bandari ya Dar es Salaam, ikavuka Zambia, ikaingia ku Kasumbalesa sawa wenzake wote. Asubui bibi yangu anapeleka nayo unga na mafuta ku soko, mimi naipata paka siku ya yenga. Inakunywa esanse sawa mulevi, lakini inatembea.

Naitaja kwa sababu moja. Binti yangu aliniuliza: "Baba, kobalti munayotoa hapa, iko wapi mu motokari yetu?" Nikamujibu: haimo. Batri yetu ni ya risasi na asidi, kazi yake kuwasha motere tu. Kobalti iko mu motokari za watu wengine, kule mbali. Akaniuliza ulizo la pili, na hili njo linanifanya niandike leo: "Na hao watu wengine, siku wakiacha kuiweka?"

Ulizo hilo haliko la mutoto. Ni la kila nyumba inayokula mu mugodi, toka Likasi mpaka Kolwezi.

Hesabu ya batri

Batri ya motokari ya umeme haiko ya namna moja. Kuna jamaa mbili kubwa.

Ya kwanza inaitwa NMC: nikeli, manganezi, kobalti. Kwa mwanzo walitengeneza ile ya 111, maana yake fungu moja la nikeli, moja la manganezi, moja la kobalti. Kisha mafundi wakapunguza, wakapunguza tena, mpaka wakafika ku 811: nikeli mafungu nane, manganezi moja, kobalti moja. Motokari inaendelea kutembea vizuri, lakini kobalti ilitoka ku fungu moja mu tatu, ikashuka ku fungu moja mu kumi. Hawakufanya hivyo kwa kutuchukia. Walifanya ju kobalti ni ya bei kali, bei yenyewe inarukaruka, na karibu robo tatu ya kobalti ya dunia nzima inatoka mu inchi moja, yetu.

Jamaa ya pili inaitwa LFP: litiamu, chuma na fosfati. Humo kobalti haimo, nikeli pia haimo. Kwa uzito ule ule haibebi umeme mingi sawa ile ya kwanza, lakini bei yake iko chini, haishiki moto mbio, na inadumu. Mwaka 2020 BYD ya China ilitoa batri yake inayoitwa Blade, ni ya LFP. Mu miezi tatu ya kwanza ya 2022, Tesla ilitangaza kwamba karibu nusu ya motokari ilizotengeneza zilikuwa na batri za LFP. Mwaka 2024, ukipima batri zote za motokari za umeme mu dunia, LFP ilikamata karibu nusu. Mu China peke yake, karibu robo tatu.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Mwaka ule ule wa 2024, watu walinunua zaidi ya milioni 17 za motokari za umeme, tukihesabu na zile zinazochanganya umeme na esanse. Ni zaidi ya moja mu kila motokari tano mpya. Ku Norvege, karibu tisa mu kumi zilikuwa za umeme tupu.

Kwa hiyo mambo mawili yanakwenda pamoja: motokari za umeme zinaongezeka, na kobalti mu kila moja inapungua. Mutu akikuambia la kwanza tu, anataka ukope feza ujenge nyumba ya magorofa. Akikuambia la pili tu, anataka ukubali mushahara wa njaa. Wote wawili wanakuambia nusu.

Sileti woga. Kobalti haitakufa kesho. Telefone zinaitaka, ordinatere zinaitaka, motere za ndege zinaitaka, na bado motokari mingi za Ulaya na za Amerika ziko na NMC. Lakini feza ya kobalti ni sawa mvua: haiulizi kama umepanda. Mutu wa shamba anaweka akiba ya mahindi mbele mvua haijakatika. Na sisi tunaweka nini?

Waliisha kutukimbia mara moja

Wazee wa Kolwezi wanakumbuka mwezi wa tano wa 1978, vita ya Shaba ya pili. Wakati ule kobalti mingi ya dunia ilitoka hapa, na vita ilipoingia mu muji, ku masoko ya inje bei ilipanda mara nyingi sana. Kwa mauzo, ilionekana sawa baraka. Lakini wenye viwanda kule inje waliogopa, wakatafuta njia ya kuishi bila sisi. Mufano mumoja: spika za redio zilikuwa na sumaku yenye kobalti ndani. Nyuma ya 1978, wenye kutengeneza spika wakahamia ku sumaku ya feriti, ambayo haina kobalti. Bei iliposhuka, wengi wao hawakurudi tena.

Hiyo njo tabia ya mununuzi. Ukimubana sana anatafuta duka lingine, na akiisha kuzoea duka lile, hata ukipunguza bei anakupungia mukono tu. Tofauti ya leo ni kwamba duka lingine liko tayari, liko wazi muchana na usiku, na jina lake ni LFP. Tena kuna Indonesia, ambayo inatoa kobalti pamoja na nikeli yake, na leo ni ya pili mu dunia nyuma yetu.

Kota: bei ilipanda, nani alikula?

Tukumbuke vile bei ilivyocheza. Mwaka 2018 tani ya kobalti ilipita dolari 90,000. Mwaka 2019 ilianguka, na mu mwezi wa kumi na moja Mutanda, moja ya migodi mikubwa zaidi ya kobalti mu dunia, ilisimamishwa. Ilingoja karibu miaka miwili mbele ya kuanza tena. Mwaka 2022 bei ikapanda tena. Mu mwezi wa pili wa 2025 ilikuwa chini ya dolari 22,000.

Hapo serikali yetu ikafunga mulango. Tarehe 22 ya mwezi wa pili 2025, ARECOMS ikakataza kobalti kutoka inje kwa miezi mine. Kisha ikaongeza miezi mitatu. Toka tarehe 16 ya mwezi wa kumi, mulango ulifunguliwa kidogo, kwa kota: tani 18,125 kwa kumaliza mwaka 2025, na tani 96,600 kwa mwaka mu 2026 na mu 2027. Kwa kulinganisha, mwaka 2024 inchi ilitoa zaidi ya tani 200,000.

Mawazo yangu juu ya kota? Siipingi. Mutu anayemwaga mali yake yote ku soko siku moja anajiuza mwenyewe. Bei ilitoka chini ya 22,000, ikapita 40,000 mbele mwaka haujaisha. Inchi ilionyesha kwamba nayo inaweza kusema hapana, na hiyo ni heshima.

Lakini niko na maulizo mawili.

La kwanza ni lile la 1978: bei ikikaa juu sana, wa motokari watakimbilia LFP mbio zaidi. Kota inanunua wakati tu. Wakati ule tunaufanyia nini?

La pili ni la shemeki yangu. Alikuwa anatumika ku sosiete moja ya sutretansi, kazi yake kupakia magunia ya hidroksidi ya kobalti mu kamio zinazokwenda ku mupaka. Mulango ulipofungwa, mugodi wenyewe uliendelea, ju shaba ilikuwa inatoka sawa zamani. Wenye kontra ya mugodi walibakia ku kazi. Wa sutretansi waliambiwa: magunia hayatoki, kwa hiyo na ninyi hamuna kazi. Alikuwa na miaka mine pale, kwa kontra za miezi mitatu mitatu. Alipewa feza ya siku alizotumika, na kwa heri. Tulipotaka kumutetea, tukauliza karatasi. Alikuwa nayo moja tu, ya kontra ya mwisho. Zingine alitia sahihi, patro akabaki na zote mbili, yake na ya mufanyakazi. Dosie yake ingali inangoja.

Basi nauliza kwa sauti: tani ilipotoka 22,000 ikapita 40,000, tofauti ile iliingia mu nyumba gani? Bei iliposhuka, ilishuka mu sahani ya shemeki yangu siku ile ile. Ilipopanda, haikumukumbuka.

Shaba haina haraka ya kuondoka

Sasa jambo ambalo ba delege wengi wanasahau siku wanakaa ku meza na direksio. Mu Lualaba na Haut-Katanga, kobalti mingi inatoka mu jiwe moja na shaba. Ni mapacha. Na pacha mukubwa ni shaba.

Motokari ya esanse inataka karibu kilo 23 za shaba. Motokari ya umeme inataka karibu kilo 80: mu motere, mu nyaya, mu batri yenyewe. Iwe NMC, iwe LFP, shaba lazima iwemo. Ongeza sasa nyaya za kupeleka umeme ku mahali pa kuchaji, ongeza kabine za umeme mu miji. Mutengenezaji wa motokari anaweza kutoa kobalti mu batri. Lakini hajapata bado kitu cha kutoa shaba mu motokari.

Inchi yetu mu 2024 ilipita tani milioni 3 za shaba. Mu dunia nzima, Chile tu njo iko mbele yetu. Na mu 2025 tani ya shaba ilipita dolari 10,000.

Hii ina maana gani ku meza ya mazungumuzo? Mwaka jana nilisikia mara nyingi, ku sosiete ambayo sitaitaja: "Delege, kobalti imeanguka, mwaka huu nyongeza hakuna." Jibu ni moja: "Bwana direktere, kobalti tumesikia. Na shaba je? Tuonyeshe bei ya zote mbili, na tani mulizouza za zote mbili." Nililitoa jibu lile, na chumba kikanyamaza. Hatukupata yote tuliyotaka, lakini tulipata kitu, na zaidi ya kitu tulipata heshima ya watu wanaojua wanachotoa mu udongo.

Kwa wenye kutengeneza motokari

Kwenu pia niko na neno, hata kama gazeti hili halifiki ku meza zenu. Munatuma watu kuangalia kama mu kobalti yetu kuna kazi ya watoto. Muko na haki, endeleeni. Mutoto mahali pake ni ku masomo. Lakini watu wenu wakiisha kuandika raporo, wanapanda ndege. Hawaulizi: mu mugodi huu, wangapi wana kontra ya kampani, na wangapi ni wa sutretansi? Musaada wa daktari unafika kwa nani? Mutu akivunjika mukono, anarudi ku kazi ama anarudi ku kijiji?

Na munapotangaza "batri yetu haina kobalti" sawa mutu aliyeisha kutubu, tunasikia vibaya kidogo. Kuacha kununua kwetu haioshi zile mulizonunua mbele. Kama munataka feza yenu iwe safi, ulizeni juu ya kontra. Ni karatasi moja tu, haina uzito mu ndege.

Mambo matatu ya kudai

Narudi kwetu. Bei ya kobalti hatuwezi kuishika, batri hatuichagui sisi. Tushike basi vitu vinavyoshikika.

Cha kwanza ni kontra. Sheria ya kazi ya 2002, iliyorekebishwa mu 2016, iko wazi. Artikili ya 40 inasema: mutu wa kazi ya siku kwa siku akitumika siku 22 mu miezi miwili, wakimuchukua tena mbele ya miezi ile kwisha, anahesabiwa kuwa na kontra isiyo na mwisho. Artikili ya 41 inasema kontra yenye mwisho haipiti miaka miwili, na patro hawezi kuirudilia na mutu yule yule zaidi ya mara moja. Sheria inataja pia kazi za namna ya pekee, sawa za musimu, na patro mwerevu atajificha humo. Ndiyo maana usiende peke yako, enda na delege. Lakini kupakia magunia miaka mine, mwezi kwa mwezi, haiko kazi ya musimu.

Cha pili ni ufundi wenye cheti. Fundi wa umeme wa mugodi hajali kama batri ya China ina kobalti ama chuma. Anajua motere, anajua kabine, atapata kazi ku kiwanda cha shaba, ku saruji, ku barabara ya gari la moshi. Tudai mu mapatano na sosiete kwamba mafunzo yatoke na karatasi inayotambulika, haiko paka jina ku orodha ya mahuzurio. Na ninyi wazazi, binti akisema anataka elektromekaniki musimuambie ni kazi ya wanaume. Mimi wajomba zake wamenisumbua, nimewajibu kwamba umeme haujui mwanaume.

Hapa niseme neno juu ya kiwanda cha batri tunachokisikia mu hotuba. Mu 2021 BloombergNEF ilipiga hesabu: kiwanda cha vifaa vya batri, vya kuanzia, cha tani 10,000, kukijenga hapa kwetu ingetaka dolari milioni 39, mara tatu chini ya bei ya kukijenga Amerika. Mwezi wa ine wa 2022, Congo na Zambia zilitia sahihi ya kufanya kazi hiyo pamoja. Ni jambo nzuri. Lakini magunia ya hidroksidi yangali yanavuka mupaka. Kama kweli kota inanunua wakati, kiwanda hicho njo kitu cha kufanya mu wakati ule, na wakati hautungoji.

Cha tatu ni feza ya redevansi. Toka mwisho wa 2018 kobalti iko mu orodha ya madini ya stratejia, na sosiete inalipa 10%. Kode ya migodi ya 2018 inagawanya redevansi hivi: 50% kwa serikali ya Kinshasa, 25% kwa provensi, 15% kwa komini ama sekteri ya mahali mugodi uko, na 10% kwa mufuko wa vizazi vinavyokuja. Mufuko ule wa mwisho uliwekwa ju ya siku tunayozungumuzia hapa, siku udongo hautalipa tena. Kila mukaaji ana haki ya kuuliza mu komini yake: ile 15% ya mwaka huu ni ngapi, na imejenga nini? Tuulize kwa adabu, lakini tuulize kila mwaka, mpaka wazoee kujibu.

Wengine watasema: delege, unatupa hesabu mingi, watu wanataka unga. Unga njo ninaouzungumuzia. Mu 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mupango wa "départs volontaires". Mu kambi, watu waliamini kwamba kampani haiwezi kwisha, ju ilikuwa inatoa posho, inatoa masomo, inatoa hospitali, karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Iliposhuka, waliosimama mbio walikuwa wale wenye ufundi mu mikono na karatasi zao mu sanduku.

Kwa hiyo juma hii ufanye kitu kimoja. Toa karatasi zako zote za kazi: kontra, bileti za mushahara, cheti cha daktari. Zipange kwa mwaka. Ile inayokosa, enda uiombe ku biro ya wafanyakazi, na kama wanakataa, uje tuende pamoja. Kisha piga fotokopi, uipe bibi ama bwana wako aiweke mahali patro hafiki.